Siku Tulipokwenda Kuiangalia Njombe

Mwezi uliopita nilikwenda Njombe kupimwa macho. Nilitoka Makambako na basi la kwanza, nikaandikishwa, kisha nikaambiwa daktari ana mgonjwa wa kupasua, nirudi saa tisa. "Bibi, katafute mahali upumzike," muuguzi akaniambia. Mtoto mzuri tu, hajui kwamba mzee asiye na mwenyeji mjini hana mahali. Mwenyeji wangu wa mwisho pale tulimzika zamani.

Basi nikatembea. Siku zote nikienda Njombe nashuka stendi, nafanya lililonipeleka, napanda basi, narudi. Safari hii nilikuwa na saa nne za bure na magoti mawili yanayolalamika. Nikapita sokoni, nikafuata njia ya boma la zamani, na nilipofika pale barabara zinapogawana miguu ikakataa kuendelea. Pale pale, nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilifanya jambo la kipumbavu ambalo sijamsimulia mtu. Wewe nitakusimulia, maana tumezeeka wote na aibu zimetupungukia.

Usicheke nikisema kwamba kwetu sisi Njombe ilikuwa jiji. Mwingereza alikuwa bado anatawala, bendera yake iko bomani, nasi tuliozaliwa Yakobi tulikuwa na hakika kwamba ukiipita Njombe unafika London, na katikati pengine pana Iringa. Dar es Salaam tuliisikia kwenye somo la jiografia, pamoja na mito ya India. Mtu aliyetoka Njombe alizungukwa na watoto aeleze alichokiona, na kile ambacho hakukiona alikitunga.

Mimi nililelewa na bibi. Mama alifariki sijaota meno, na baba alipanda lori la manamba kwenda kukata mkonge Tanga, akatuletea blanketi moja kwa mkono wa mtu, kisha kimya. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili na kuku. Bibi alisuka vikapu vya majani ya milulu, vidole vinakwenda huku amefumba macho. Mimi nilichota maji, nikapalilia njegere na viazi, nikapuliza moto uliotoa moshi kuliko joto, na baridi ya kule kwetu unaijua. Jioni tulikula ugali wa ulezi na maharage tukitazamana. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Zipo siku ambazo sauti pekee niliyoisikia nyumbani ilikuwa yangu mwenyewe, nikifukuza kuku.

Kwa hiyo shule kwangu haikuwa masomo, ilikuwa watu. Nilipata marafiki wawili. Mmoja alikuwa binti wa mwalimu wetu, msichana mwenye viatu ambaye hakuringa navyo. Tukiwa pamoja alivivua akavibeba mkononi ili sote tukanyage umande sawasawa. Wa pili, msichana pia, tulimwita Mkinga, kwa sababu ndiyo kabila lake. Mjomba wake alikuwa seremala wa misheni, akamleta kutoka milima ya Makete aje asome. Alikuwa mrefu, mcheshi, ana pengo mbele, na alijua kuiga mwendo wa kila mtu mzima pale Yakobi, mchungaji akiwemo. Watu walituita mafiga matatu. Lakini mtoto aliyezoea upweke hajui kupenda kwa kugawana. Binti wa mwalimu nilimtaka awe wangu peke yangu, na nilimchukia Mkinga kila alipomchekesha.

Krismasi ilipopita, tukasikia mwalimu anahamishwa. Alikuwa anapelekwa mbali, kupita Makambako, kupita na Iringa yenyewe, mahali penye shule ya kati ya wasichana. Sisi pale tuliishia darasa la nne, na tulikuwa tumelimaliza. Mama Mwalimu alikuwa na mtoto mchanga. Akasema atachukua msichana mmoja wa kumsaidia kubeba mtoto, na huyo atasoma pamoja na binti yake. Mmoja tu, mimi au Mkinga, kwa sababu kwenye lori hapakuwa na nafasi ya wawili. Naye hakutaka kuchagua. "Atakayelala naye chumba kimoja ni mwanangu," alisema, "basi achague mwanangu." Jibu lingetolewa Jumapili baada ya ibada. Jumamosi tukaruhusiwa kwenda Njombe sisi watatu, tukaangalie mji pamoja kabla hatujatengana.

Nilimpelekea bibi habari hizo. Hakuacha kusuka. "Ukichaguliwa, nenda," akasema. "Mimi nitakufa uwepo usiwepo." Kwa bibi yangu hayo yalikuwa maneno ya mapenzi. Wiki ile yote nilichota maji na kuomba Mungu kwa wakati mmoja. Nilikuwa namwomba jambo moja tu, jina langu litajwe Jumapili.

Tulianza safari alfajiri, ukungu umejaa mabondeni. Bibi alinifungia mafyulisi sita kwenye kitambaa, yameiva mpaka yamepata wekundu ubavuni. Mkinga alibeba viazi vya kuchemsha. Kila tuliyekutana naye tulimwambia "Kamwene!" naye akatuitikia "Kamwene!" Akina mama waliobeba vibuyu vya ulanzi, pombe ya mianzi, wakatuuliza tunakwenda kuuza nini. Hatuuzi, tukasema, tunakwenda kuangalia. Wakacheka mpaka wakatua vibuyu. Mtu wa kutembea mwendo wote ule kwenda kuangalia tu walikuwa hawajamwona. "Mtembezi hula miguu yake," mmoja akatupa msemo wa kwenda nao. Tulikula fyulisi moja moja njiani, yakabaki matatu.

Njia zetu zilikuwa nyembamba, tulikwenda mmoja nyuma ya mwenzake, nami nilitangulia. Hapa lazima nikueleze jambo, maana vijana wa leo hawalijui. Kwetu aliyetangulia ndiye anayefunga njia. Akifika njia panda anakata kitawi kibichi, anakilaza kwenye njia ambayo hakuipita. Wanaofuata wakikiona wanajua si hii, ni ile nyingine. Mtoto wa kwetu alisoma kitawi kabla hajasoma herufi. Na palikuwa na sheria ya pili, ambayo bibi aliisema huku amenyoosha kidole: aliyetangulia harudi nyuma. Akirudi mtapishana, mtatafutana mpaka mjute. Akae huko mbele asubiri.

Tuliisikia Njombe kwa pua kabla ya kuiona, harufu ya magome ya miwati yaliyorundikwa kando ya barabara. Kisha tukaingia mjini, na kwa kweli hatukujua tuanze kutazama nini. Palikuwa na pampu ya petroli ya kuvuta kwa mkono, na sisi tukasimama kuihesabia mivuto. Sokoni tuliona magunia ya samaki wakavu kutoka Nyasa, wananuka mpaka machozi yanatoka, na machungwa ya mabondeni yamepangwa mafungu mafungu. Tulipita nyumba za Wazungu zenye ua wa mawaridi bila kugeuza shingo, halafu tukageuka tukiwa mbali. Bomani tuliitazama bendera kwa muda mrefu hivi kwamba askari akatujia, akauliza tuna kesi gani. Mkinga akapiga magoti: "Shikamoo, hatuna kesi, tunaangalia." Askari alijitahidi asicheke.

Kisha tukafika duka la vitambaa. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani, alituonyesha kwa mkono kwamba tunaweza kuingia ila tusishike. Ndani palikuwa na kioo kirefu kuliko mtu. Sisi kioo tulichokijua kilikuwa cha kiganjani, cha kutazamia jicho moja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona uso wangu na miguu yangu kwa pamoja, na sikufurahi sana. Mkinga akaanza kutembea mbele ya kioo kama Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa bomani, tumbo mbele, mikono nyuma. Binti wa mwalimu akacheka, akamshika bega asianguke. Nikawaona kiooni vizuri: wawili wameshikana, na kafupi kamoja pembeni kameshika kitambaa cha mafyulisi. Moyo wangu uliwaka wivu. Nikajiambia kwamba jibu la Jumapili nimekwisha kuliona.

Nje, kwenye kibaraza, fundi cherehani alikuwa anashona gauni la harusi. Wenzangu wakataka wasubiri wamwone akimaliza mkono. Nikasema mimi natangulia maporomokoni, yale ya mto Ruhuji, ambako tulikuwa tumepanga kumalizia na kula. Nilijigamba kwamba najua njia, kwa kuwa niliwahi kupita na bibi akienda kuuza vikapu.

"Subiri kidogo, twende wote," binti wa mwalimu akasema.

"Nitafunga njia," nikamjibu, tayari nimempa mgongo.

Njia panda ya kwanza nilikata kitawi cha mkaratusi, nikakilaza. Ya pili ndiyo ile ya karibu na boma. Nikalaza kitawi, nikaenda hatua chache, nikasikia mifagio. Kumbe mjini barabara zilifagiliwa. Kwetu kitawi kilikaa njiani mpaka mvua ikichukue, wala haikunipitia akilini kwamba pana mahali jani ni takataka. Walikuwa wafungwa, wamevaa nguo zao nyeupe, askari nyuma yao. Mmoja, mzee mzee, alifika kwenye kitawi changu akakiokota. Hakukitupa mara moja. Alikitazama, akaitazama ile njia niliyoifunga, akaitazama niliyoipita, mwisho akanitazama mimi. Bila shaka alikuwa mtu wa kwetu, amekisoma. Askari akasema neno, mzee akakitia kwenye toroli pamoja na vumbi.

Niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Palikuwa na hatua ishirini tu kurudi kukata kitawi kingine, na hatua mia mbili kurudi kwa wenzangu. Nilijiambia kwamba sheria ya bibi inakataza kurudi. Lakini leo nakwambia kweli, sheria ilikuwa kisingizio. Nilitaka nitafutwe. Nilifikiri: kama ananipenda atamwacha Mkinga kwa fundi wake, atakuja kunitafuta, na akinipata kesho atanitaja mimi. Nikageuka, nikateremka mtoni.

Maporomoko yalikuwa mazuri, nadhani. Sikumbuki vizuri, nilikuwa natazama njia. Nilikaa juu ya mwamba, rasharasha za maji zinanilowesha upande mmoja. Nilisikia watu wanazungumza nikainuka, kumbe ni wanawake wanatoka kufua. Nilikula fyulisi langu. Jua likapita utosini, nikala la Mkinga, kwa hasira, nikatupa kokwa mtoni. La tatu nililishika mkononi mpaka likalainika. Mawingu yakakusanyika kama kawaida ya Januari, mvua ikashuka, nikajikunyata chini ya jabali peke yangu. Ndipo nikala la binti wa mwalimu, halikuwa na ladha. Sijawahi tena kuwa mpweke namna ile, hata siku nilipomzika mume wangu, maana siku hiyo angalau watu walijaa uani.

Mvua ilipokatika nilirudi mjini. Fundi alikuwa amefunika cherehani yake, soko limetawanyika. Wenzangu hawakuwepo. Nikaanza kuelekea nyumbani, na njiani wanawake waliotoka gulioni wakaniambia wamewapita wasichana wawili wanalia, mmoja kashika viatu mkononi. Walikuwa wamezunguka mji wote wakimwuliza kila mtu habari za msichana mfupi mwenye kitambaa, hata kwenye lango la gereza waliuliza. Sikujua nifurahi au nilie, na nakiri kwamba kwanza nilifurahi.

Nilikuwa nimekwenda zaidi ya nusu ya njia nilipokutana na mwalimu juu ya baisikeli yake, ametoka kunitafuta, matope mpaka magotini. Hakunigombeza. Alinipakia nyuma, akaendesha mpaka kwake. Mama Mwalimu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Akanipa bakuli la kande kwanza, na niliposhiba ndipo akaniuliza nilikuwa wapi. Binti yake alikuwa amekaa na Mkinga pembeni ya moto, macho yamevimba, ananitazama. Naona sasa kwamba alikuwa ananiomba kitu. Pengine alitaka niseme kweli.

"Nilipotea," nikasema.

Ningesema nilijificha, ningechapwa, yakaisha. Lakini niliona haya mbele ya Mkinga. Mama Mwalimu alimtikisa mtoto mgongoni, kisha akasema kwa upole kabisa, "Anayepotea hapa Njombe, huko tuendako atapotea mara ngapi?" Binti wa mwalimu akainama, akaanza kufuta viatu vyake kwa jani. Nilirudi kwa bibi bila kuagana naye.

Jumapili baada ya ibada jina lililotajwa lilikuwa la Mkinga. Jumatatu lori liliposimama mbele ya nyumba ya mwalimu mimi nilikuwa shambani, nimechutama kwenye njegere. Nilisikia naitwa, sauti ya binti wa mwalimu, mara tatu. Sikuitika. Nilisikia lori likipanda kilima, likibadilisha gia, mpaka likawa halisikiki. Bibi akaja akachutama karibu nami, tukapalilia. "Haya, tumebaki wawili," akasema. Masika ya pili baada ya hapo nikabaki mmoja.

Mengine unayajua. Niliolewa Makambako, wakati huo ni njia panda yenye vibanda vichache, nikauza chai na viazi kwa abiria. Kila gari lililotoka upande wa Iringa nilichungulia madirishani. Sikumwambia mtu namchungulia nani, hata mume wangu. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia, mafupi, ya kutosha muda wa basi kusimama. Alikwenda shule, akawa mwalimu kama baba yake, habari zake zilinifikia vipande vipande kwa watu wengine. Yeye mwenyewe hakupita. Au alipita siku ambayo nilikuwa naosha vikombe.

Aliyeshuka mwishowe alikuwa Mkinga. Nilimtambua kwa lile pengo. Mwenyewe alikuwa amekuwa mama mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani. Tulikumbatiana tukapiga kelele mpaka abiria wakageuka. Kisha akaniambia anatoka kumzika mwenzetu, binti wa mwalimu, na sasa anarudi kwao Makete. Nikamwekea chai. Nilimimina mpaka kikombe kikafurika. Naye, kwa kutaka kunichangamsha, akaanza kunitania.

"Ila wewe dada, ulikuwa na akili gani kupotea siku ile? Mwenzako alikuwa ameshakutaja wewe."

Nikamwuliza alinitaja lini.

"Ijumaa! Hukujua? Mama alikuwa ameshakata hata gauni, kwa kipimo chako. Mimi nimelivaa limeongezwa kitambaa chini. Jumamosi usiku alikubembelezea sana kwa mama yake, mama akasema mtoto wa mtu si wa kupoteza." Akacheka, akafuta macho. "Nilijua unajua. Maisha yangu yote nimeishi nikijua nafasi ile ilikuwa yako."

Nilitaka kumwambia kwamba sikupotea. Nilifungua mdomo kabisa. Konda akapiga ukelele kwamba gari la Njombe linaondoka, Mkinga akashika mizigo yake, akanibusu mashavu yote mawili, akapanda. Nasikia naye amekwisha kutangulia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna tena mtu duniani wa kumweleza, ndiyo sababu nimekueleza wewe, na wewe hukuwepo.

Saa tisa nilirudi hospitali, muuguzi akaniuliza nimepumzika wapi. Nikamwambia nimetembea. Hakuna nilichokikuta, nikamwambia, na kweli hakuna: wale wafungwa wenye mifagio hawapo, duka la vitambaa limekuwa la simu, na katika watu wote waliopita pale hakuna aliyeniambia kamwene. Yeye akadhani namlalamikia mji. Mimi nilikuwa nawaza Ijumaa ile. Tangu jioni ya Ijumaa mpaka Jumamosi mchana nilikuwa mtu aliyechaguliwa. Nilizunguka Njombe yote, sokoni, bomani, mbele ya kile kioo, nikiwa nimeshachaguliwa, na sikujua.